Mbio Zisizotangazwa

Kisiwa cha Man, katika Bahari ya Ireland, kina wakazi wapatao 84,000 na sifa moja ambayo waendesha pikipiki wa Ulaya hawachoki kuizungumzia: nje ya miji na vijiji vyake hakuna kikomo cha jumla cha mwendo. Ukishapita ubao mweupe wenye mstari mweusi wa mshazari, sheria inakuachia akili yako. Mwishoni mwa Mei kwa ajili ya mashindano ya TT, na tena mwishoni mwa Agosti kwa ajili ya Manx Grand Prix, feri za kutoka Heysham na Liverpool hushusha pikipiki nyingi katika bandari ya Douglas. Nyingi zimefungwa mabegi ubavuni na hema nyuma, na wenyewe ni marafiki watano au sita waliotoka pamoja nyumbani. Chache huteremshwa kutoka ndani ya vani zikiwa hazina taa, vioo wala stendi. Zina namba tu.

Makundi hayo mawili hupanga foleni moja ya chai, lakini hayakubaliani. Mtu mwenye kazi yake, watoto wake na pikipiki moja kwenye banda, akipata siku mbili za mapumziko afanye nini nayo? Aende mbali na rafiki zake, au aikimbize kwenye mashindano ya klabu?

Mjadala huu unafanyika Creg-ny-Baa, hoteli iliyo kwenye kona ya kulia, pale barabara ya mlimani inapoteremka kuelekea Douglas. Wasemaji ni wanne. Si watu utakaowakuta kwenye daftari la wageni. Ni sauti zilizotungwa ili hoja zipate midomo. Yupo Msafiri, mzee wa safari za kundi. Yupo Mshindani, fundi umeme siku za kazi na mkimbiza pikipiki ya 600 siku ya Jumapili. Yupo Muuguzi wa chumba cha dharura. Na yupo Mshika Bendera, mama aliyesimama kando ya njia za mbio miaka mingi bila kulipwa. Mambo wanayoyataja, hata hivyo, ni ya kweli.

Msafiri alianza, kama ilivyo haki ya umri.

"Mwanangu," alimwambia Mshindani, "mbio zenu zilizaliwa nyumbani kwetu. Tarehe 28 Mei 1907, TT ya kwanza ilipokimbizwa hapa kisiwani, masharti yalitaka pikipiki za safari: ziwe na kiti cha maana, vizuia matope na kizuia mlio wa ekzosi. Pedeli ziliruhusiwa, mlima ukikushinda, unakanyaga. Petroli ilipimwa, na mwenye silinda moja alitakiwa aende maili 90 kwa kila galoni. Katikati ya mbio watu walisimamishwa dakika 10 wapumzike. Walichotaka kujua ni chombo gani kitamfikisha mtu aendako."

Mshindi wa pikipiki za silinda moja siku hiyo alikuwa Charlie Collier, juu ya Matchless, kwa wastani wa maili 38.21 kwa saa, yaani kilomita 61 na ushei. Bodaboda wa leo huipita kasi hiyo akiwa na abiria wawili na mkungu wa ndizi. Ila bodaboda huyo hana mkanda wa ngozi unaoteleza kwenye gurudumu la nyuma, wala barabara yake haijatapakaa kokoto kuanzia mwanzo hadi mwisho, na akifika kwenye kilima ana gia.

"Historia nimeipokea, mzee," Mshindani alijibu, "lakini umeruka ukurasa. Kwa nini walivuka bahari kuja huku? Kwa sababu Uingereza, kwa sheria ya 1903, ilizuia mwendo usizidi maili 20 kwa saa, na barabara za umma hazikuruhusiwa kufungwa kwa ajili ya mbio. Bunge la kisiwa hiki, Tynwald, likapitisha sheria yake mwaka 1904 ili zifungwe. Wazee wale walilielewa jambo hilo mapema: anayetaka kukimbia atengewe njia, na mwenye punda apewe taarifa."

Hoja hiyo ina mfano wa karibu kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, kwa miongo mingi ilikimbizwa kwenye barabara zilizo wazi, madereva wakikutana na mabasi, ng'ombe na akina mama wenye kuni kichwani. Iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yakiwa Naivasha, vipande vya kushindania vilifungwa. Wapo wanaosema ladha imepungua. Wenye ng'ombe hawajasikika wakilalamika.

Mshindani alikuwa hajamaliza. Alieleza siku yake ilivyo. Klabu kongwe ya mbio za pikipiki Uingereza, British Motorcycle Racing Club, ambayo wenyewe huiita Bemsee, ilianzishwa mwaka 1909, na bado inaendesha mashindano kwa watu wenye kazi zao kwenye viwanja kama Brands Hatch na Cadwell Park. Kabla mtu hajawasha injini anapita kwa mkaguzi. Bolti ya kumwagia oili lazima ifungwe kwa waya isije ikalegea. Chini ya injini lazima kuwe na beseni la kukinga oili ikivuja. Kwenye rejeta hairuhusiwi kulanti ya kawaida, maji tu, kwa sababu kulanti ikimwagika juu ya lami inateleza na haikauki upesi. Mkono wa breki unakingwa usiguswe na pikipiki ya jirani. Penye sproketi ya nyuma panawekwa pezi dogo la plastiki ili kidole cha mtu aliyeanguka kisivutwe na mnyororo.

"Nani amewahi kukikagua chombo chako hivyo, mzee, kabla hujatoka na wenzako Jumamosi asubuhi?"

Msafiri alicheka. "Mke wangu. Huuliza kama nimelipa bima."

Lakini Mshindani alikuwa na zaidi. Mgeni wa mashindano huhudhuria mafunzo kwanza, kisha huvaa kizibao cha rangi ya chungwa ili wanaomfuata wajue kuwa huyu bado anajifunza na wampite kwa adabu. Kizibao hakivuliwi mpaka amalize mashindano ya kutosha bila fujo. Mbio zenyewe ni fupi, aghalabu mizunguko michache, kisha watu hurudi kwenye mahema yao kuazimana spana. "Yule uliyempita kwenye kona ya mwisho ndiye anayekushikia tochi ukibadilisha pedi za breki. Wewe unadhani marafiki wako barabarani tu?"

Hapo Msafiri aliweka kikombe chini.

"Nikuulize. Umezunguka Brands Hatch mara ngapi? Ile njia fupi haifiki hata kilomita mbili. Mnaipita kona ileile, ukuta uleule, mpaka petroli inakwisha, na jioni mko palepale mlipoanzia. Mimi nikitoka Inverness na wenzangu kuizunguka pwani ya kaskazini ya Scotland, nina maili 516 mbele yangu. Bealach na Bà pale Applecross inapanda hadi mita 626 kutoka baharini, kona zimekunjana, mawingu yako chini yako na kondoo wako katikati ya barabara. Kule hakuna wa kwanza. Kuna aliyesahau koti la mvua na kuna aliyekuwa nalo la akiba."

Hakuna ubishi kwamba ameeleza vizuri. Safari ya kundi inampa mtu ambacho uwanja hauwezi kumpa: kuchoka pamoja, kupotea pamoja na kula chakula kibaya kwa furaha. Ila amelipita haraka jambo moja, na Mshika Bendera, aliyekuwa kimya akinywa chai yake, aliliona.

"Mzee, kundi lako lina watu wangapi?"

"Wanane."

"Na wa mwisho huwa nani?"

Msafiri alifikiri. "Inategemea."

"Hapo ndipo penye shida," mama alisema. "Safari nzuri ninazijua. Kiongozi anajua njia. Wa mwisho anajulikana kwa jina na kwa koti la kung'aa, na hapitwi wala hampiti mtu. Mkifika njiapanda, aliye nyuma ya kiongozi anasimama pale kuonyesha upande, anawapisha wote, anangoja mpaka amwone wa mwisho, kisha anaingia mbele yake. Njiapanda inayofuata anasimama mwingine. Kwa mtindo huo mgeni kabisa anaweza kwenda kwa mwendo wake mwenyewe, hata akabaki peke yake dakika tano, na asipotee. Hana sababu ya kumkimbiza mtu. Na kama mtindo huo haupo, anafanya nini?"

"Anakaza mwendo asiachwe," alisema Muuguzi.

Kuanzia hapo mazungumzo yalibadilika, kwa sababu Muuguzi alikuja na hesabu. Mwaka 2023 barabara za Uingereza, Wales na Scotland ziliua watu 1,624. Kati yao 315 walikuwa juu ya pikipiki, ingawa pikipiki ni kama asilimia moja tu ya mwendo wote wa vyombo vya moto nchini humo. Kisha akarudi nyuma hadi mwaka 1981, kwa utafiti wa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, ambao watu wa usalama barabarani wanaunukuu mpaka leo. Hurt na wenzake walizichunguza ajali 900 za pikipiki huko Los Angeles, wakifika mahali penyewe. Katika theluthi mbili hivi za ajali zilizohusisha gari jingine, mwenye gari ndiye aliyeikata njia ya pikipiki. Nusu ya ajali zote zilianza mwendo ukiwa chini ya maili 30 kwa saa.

Mshindani aliruka. "Si mmesikia! Husema mwenda pole hajikwai. Mwenda pole anajikwaa vizuri tu, gari likimkata njia! Kwangu mimi hakuna gari, hakuna lori, hakuna mtu anayetoka getini akiongea na simu. Wote tunaelekea upande mmoja."

"Ngoja, kijana, sijafika mwisho," Muuguzi alimkatiza. "Kama robo ya ajali hizo hazikuwa na gari jingine kabisa. Ni mtu, pikipiki na barabara. Na nyingi kati ya hizo lilikuwa kosa la mwendeshaji: amefunga breki kupita kiasi, au ameingia kona kwa kasi isiyowezekana na akatoka nje. Hao ndio ninaowapokea Jumapili jioni. Husema ajali haina kinga. Hizi zina kinga. Ukimhoji mgonjwa taratibu, kabla dawa ya maumivu haijamlegeza ulimi kabisa, atakwambia alikuwa akimfuata mwenzake."

Msafiri hakupenda. Na alikuwa na jibu lililostahili kusikilizwa, kwa kuwa lilikuwa nje ya dirisha.

"Mnazungumza kana kwamba njia ikifungwa basi kifo kinafungiwa nje," alisema. "Angalieni hiyo kona. Hii ni Mountain Course, maili 37.73, kona zaidi ya 200, kuta za mawe, miti, nguzo za taa, milango ya nyumba za watu. Inakimbiziwa tangu 1911, na mwaka huohuo Victor Surridge akafa kwenye mazoezi. Waendeshaji zaidi ya 260 wameshaifuata njia yake, TT na Manx Grand Prix zikihesabiwa pamoja. Mwaka 1972 alipokufa Gilberto Parlotti, Giacomo Agostini, mtu aliyeshinda hapa mara 10, alisema harudi, na hakurudi kushindana. Baada ya 1976 hata ubingwa wa dunia uliondoka. Mwaka 2022 TT iliua watu sita, wawili wakiwa baba na mwanawe kwenye pikipiki moja ya kigari cha pembeni. Njia ilikuwa imefungwa, mwanangu."

Palikuwa kimya kidogo. Hoja hiyo haina njia ya mkato, na Mshindani, kwa heshima yake, hakuitafuta.

"Ni kweli," alisema. "Na ndiyo maana mimi sikimbii hapa. Nimekuja kutazama. Uwanja una mchanga wa kokoto wa kukupokea ukitoka nje. Huku kuna ukuta wa shamba. Lakini usiseme wanaokimbia hapa hawajapimwa. Manx Grand Prix ilianza mwaka 1923 kwa ajili ya watu wa ridhaa, na miaka yake ya mwanzo ilijaa magomvi juu ya nani ni wa ridhaa na nani analipwa na kiwanda kisirisiri. Mpaka leo ni shule. Phil Read alishinda mbio za Senior hapa mwaka 1960, akaenda kuwa bingwa wa dunia. Ian Hutchinson alishinda mbio za wageni mwaka 2003; mwaka 2010 akachukua TT tano katika juma moja. Mgeni hapewi njia hii hivihivi. Anazungushwa na mwalimu kwenye basi, anatazama video mpaka azijue kona kwa majina, na mzunguko wake wa kwanza kwenye mazoezi anamfuata msimamizi aliye juu ya pikipiki, kwa mwendo uliopangwa. Leo rekodi ya mzunguko ni maili 136.358 kwa saa, ya Peter Hickman mwaka 2023. Haikuja kwa papara."

"Na helikopta," Muuguzi aliongeza. "Tangu 1963 helikopta ya uokoaji iko hapa wakati wa mbio. Wa kwanza kubebwa nayo alikuwa Tony Godfrey, alipoanguka Milntown, akafikishwa hospitali ya Noble's. Nikipewa kuchagua mahali pa kuvunjikia mguu, nachagua penye daktari na redio. Kwenye safari ya kundi, wa kwanza kufika ni rafiki yako, na kitu cha kwanza anachofanya ni kukuvua helmeti. Tafadhalini, kama mtu anapumua, msimvue helmeti."

Kuhusu fedha walipita haraka, maana hakuna aliyekuwa na cha kujivunia. Mbio za klabu zinakula tairi, ada, vani na ndoa. Safari zinakula petroli na vyumba vya kulala. Mshika Bendera ndiye aliyekumbusha kuwa bima yenyewe inaweza kuua mchezo mzima: mwanzoni mwa 2023 mbio za barabarani za Ireland ya Kaskazini zilifutwa kwa sababu gharama ya bima ilipanda mno, na ni michango ya mashabiki iliyozirudisha, hata North West 200 ikakimbizwa mwezi Mei mwaka huo.

Kisha akasema lile alilokuja kulisema.

"Nyinyi wawili mnabishana, lakini mtu ninayemwogopa hayupo mezani. Si mzee huyu anayesimama kila saa kunywa chai. Si kijana huyu mwenye waya kwenye bolti. Ni yule aliye katikati yenu. Ipo barabara kati ya Macclesfield na Buxton, ile ya Cat and Fiddle, iliyowahi kutajwa kuwa ya hatari kuliko zote Uingereza, na wengi walioumia pale walikuwa watu wa pikipiki. Wamewekewa kikomo cha maili 50 na kamera za kupima wastani wa mwendo. Unajua waliokuwa wakiumia? Kundi la marafiki. Hakuna aliyesema tushindane. Hakuna bendera, hakuna mkaguzi, hakuna kizibao cha chungwa. Mmoja ameongeza kidogo, wa pili hataki kuachwa, wa tatu hajui kona. Hizo ndizo mbio mbaya kuliko zote, kwa sababu hazijatangazwa, na aliyemo ndani yake hajui kwamba anashindana mpaka anakutana na trekta."

Msafiri alitazama kikombe chake. "Kundi letu lilikuwa na mmoja hivyo," alisema. "Tulimwambia aende uwanjani. Alikwenda. Sasa kwenye safari anakaa wa mwisho, na hakuna aliyemlazimisha."

"Anatosheka kulekule," alisema Mshindani.

"Au anaogopa zaidi, kwa kuwa sasa anajua mwendo ni nini," alisema Muuguzi.

Huenda wote wawili wamesema kweli. Lakini ushauri huo wa kumpeleka mtu uwanjani una tundu lake. Mtu anaweza kurudi na ujuzi wa kona na kiburi cha kona kwa pamoja, akasahau kwamba lami ya uwanja haina dizeli iliyomwagika wala kinyesi cha ng'ombe, na kwamba pale aliiona kona ileile mara ishirini siku hiyo. Nchini Uingereza polisi wana mpango uitwao BikeSafe, ambapo askari wa pikipiki humfuata raia barabarani, kisha humweleza makosa yake bila kumwandikia faini. Mafunzo ya namna hiyo yanamfaa msafiri kuliko mizunguko mia ya Brands Hatch, kwa sababu yanafundisha kusoma barabara yenye watu wengine ndani yake.

Kwa hiyo katika mjadala huu ushindi si wa Msafiri wala wa Mshindani. Mwenye hoja nzito ni Mshika Bendera. Mountain Course inaua ikiwa imefungwa, na hilo halifutiki. Anayeingia humo amekubali dau kwa saini yake, na wazima wenye akili wanaweza kuendelea kugombana kama dau hilo lina haki ya kuwepo. Aliyetoka nyumbani kwenda kula samaki na rafiki zake hajasaini kitu.

Wewe msomaji mwenye kundi lako, liwe la Nairobi, Arusha au Muscat, wateueni kiongozi na wa mwisho kabla ya kutoka Jumamosi ijayo. Mgeni msimwache nyuma ahangaike. Mwekeni karibu na kiongozi, na kiongozi apime mwendo kwa mgeni huyo. Kubalianeni atakayesimama njiapanda. Na kama yupo kati yenu anayewasha wengine moto kila mkifika kwenye barabara iliyonyooka, mwambieni mapema, akiwa bado hajavaa helmeti, kwamba leo hakuna mashindano.